Naitrojeni trikloridi: kemikali isiyohitaji mtengenezaji

Naitrojeni trikloridi haiuzwi. Hakuna muuzaji wa kemikali atakayekuletea chupa yake, hakuna lori wala meli inayoibeba, na mtafiti anayeihitaji huitengeneza kidogo mno, ikiwa imezimuliwa ndani ya kimiminika kingine, kisha huitumia na kuiharibu mapema iwezekanavyo. Kwa hali hiyo mtu angedhani ni kitu cha vitabuni, cha kusomwa na kusahauliwa baada ya mtihani. Sivyo. Ipo katika hewa ya mabwawa ya kuogelea yaliyo ndani ya majengo. Hujikusanya katika mitambo ya kuvukiza klorini. Hujitokeza katika usafishaji wa maji ya kunywa pale vipimo vinapokosewa, na huweza kuzaliwa katika ndoo ya mtu anayesafisha choo. Zaidi ya miaka 200 baada ya kugunduliwa bado inaumiza watu, na karibu kila mara wanaoumia ni wale ambao hawakukusudia kuitengeneza.

Hapo ndipo ninapoona tunakosea. Kampaundi hii hufundishwa kama jina moja katika orodha ya vitu vinavyolipuka. Mwanafunzi anakariri kwamba ni hatari, anapata alama yake, anaendelea na mada nyingine. Orodha hiyo haina faida kubwa kwa yeyote, kwa sababu hakuna atakayekutana na chupa iliyoandikwa jina hilo. Atakutana na klorini upande mmoja na amonia upande wa pili, na kama hajui kinachotokea vikikutana, jina alilokariri halitamfaa kitu.

Tuanze na kitu chenyewe. Fomula yake ni NCl₃: atomi moja ya naitrojeni iliyoshikana na atomi tatu za klorini, zikiwa zimekaa kama piramidi bapa yenye naitrojeni kileleni. Ni kimiminika chenye utelezi wa mafuta, rangi yake manjano, na harufu yake ni kali ya kutoa machozi. Mililita moja ina uzito wa gramu 1.65, kwa hiyo katika maji huzama na kutulia chini katika matone. Kiwango chake cha kuchemka ni nyuzi 71 za Selsiasi. Kwa macho, tone lake halitishi hata kidogo.

Kwa nini basi halitulii? Jibu la haraka ni kwamba kifungo kati ya naitrojeni na klorini ni dhaifu. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu tu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito zaidi. Kuvunja kifungo kimoja cha naitrojeni na klorini huhitaji takriban kilojuli 190 hadi 200 kwa kila moli (kipimo cha wakemia cha kuhesabia chembe kwa wingi), na katika molekuli mbili za NCl₃ kuna vifungo sita vya namna hiyo. Jumla ya gharama ni kama kilojuli 1,160. Sasa tazama kinachopatikana baada ya kuvivunja. Atomi mbili za naitrojeni zilizokuwa mbalimbali zinashikana kwa kifungo cha mikono mitatu, kilichomo katika naitrojeni ya hewa tunayovuta, nacho peke yake hutoa kilojuli 945. Atomi sita za klorini zinajipanga jozi tatu, kila jozi ikitoa kama kilojuli 240. Mapato yanafika karibu kilojuli 1,670. Tofauti hiyo ya mia tano na kitu ndiyo mlipuko. Tena vinavyotoka ni gesi tupu: mililita moja ya kimiminika hugeuka zaidi ya mililita 600 za gesi hata kabla hujahesabu joto linaloitanua, na yote hayo hutokea kwa muda usiotosha kupepesa jicho.

Kwa hiyo kutotulia kwa NCl₃ kunatokana zaidi na utulivu wa kile inachokwenda kuwa. Naitrojeni ina mahali pazuri pa kurudi, na kila kampaundi inayoizuia kurudi huko inaishi kwa mkopo. Vilipuzi vingi vilivyowahi kutengenezwa, vile vyenye naitrojeni ndani yake, vinategemea jambo hilohilo.

Ukitaka kuona kwamba hoja hii inashika, waangalie ndugu wa karibu wa kampaundi hii. Weka florini mahali pa klorini upate naitrojeni trifloridi, NF₃. Umbo ni lilelile la piramidi, hesabu ya atomi ni ileile, lakini hii ni gesi iliyotulia kiasi cha kuuzwa katika mitungi kwa viwanda vya vifaa vya elektroniki. Kifungo cha naitrojeni na florini ni imara zaidi, na kifungo cha florini kwa florini ni dhaifu mno, hivyo hakuna faida ya kuachana. Kuunda moli moja ya NF₃ kutoka elementi zake hutoa nishati ya takriban kilojuli 130, ilhali kuunda moli moja ya NCl₃ hudai takriban kilojuli 230. Moja imeshuka mlima, nyingine imepandishwa.

Au badilisha naitrojeni, uweke fosforasi. Fosforasi trikloridi, PCl₃, huchemka kwenye nyuzi 76, karibu sawa na ndugu yake, na viwanda huitengeneza kwa tani nyingi ili itumike kuandaa dawa za mimea na bidhaa nyingine. Ni sumu na inaunguza, lakini hailipuki kwa kuguswa. Fosforasi haina kifungo cha mikono mitatu cha kukimbilia katika hali ya kawaida, na klorini imeishika vizuri. Hata maji huwatendea ndugu hawa tofauti kabisa. PCl₃ ikikutana na maji hutoa asidi ya fosforasi na asidi ya hidrokloriki. NCl₃ huvunjwa na maji polepole, nayo hutoa amonia na asidi ya haipoklorasi, kana kwamba klorini zake ndizo zenye chaji chanya. Nguvu za naitrojeni na klorini za kuvuta elektroni zinakaribiana sana, 3.04 na 3.16 katika kipimo cha Pauling, na hapo mantiki rahisi ya nani anamvuta nani haitoshi tena. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba safu moja ya jedwali la elementi haimaanishi tabia moja hatapata mfano bora kuliko huu.

Bado kuna jambo moja ambalo maelezo mengi hulipita. Nishati peke yake haielezi hatari. Asetilini, gesi ya wachomeleaji, hudai takriban kilojuli 227 kuundwa kutoka elementi zake, karibu sawasawa na NCl₃. Lakini asetilini hubebwa kila siku katika mitungi, ikiwa imeyeyushwa katika asetoni ndani ya kijazo chenye vinyweleo, na watu wanaifanyia kazi maisha yao yote. Kinachozitofautisha ni urefu wa kizingiti. Vifungo vya kaboni ndani ya asetilini vina nguvu kubwa, na kuvianzisha kunahitaji msukumo mkubwa. Katika NCl₃ kizingiti ni kifupi. Mwanga unatosha kung'oa atomi ya klorini, na atomi hiyo huru huenda kuisumbua molekuli ya jirani, ambayo nayo huachia nyingine. Mwaka 1888 mkemia Mjerumani Ludwig Gattermann, alipofanikiwa kuipata ikiwa safi, alionyesha kwamba mwanga wa magnesi inayowaka hutosha kuilipua. Joto, mshtuko, mpira, grisi, mafuta ya tapentaini, kipande cha fosforasi: kila kimoja kimewahi kuwa kiberiti chake.

Historia yake yenyewe ilianza kwa damu. Mfaransa Pierre Louis Dulong aliipata mwaka 1811 alipokuwa akichunguza mwenendo wa klorini juu ya chumvi za amonia. Majaribio hayo yalimgharimu jicho moja na vidole. Mwaka 1812 mwanasayansi Mfaransa André-Marie Ampère alimwandikia mkemia Humphry Davy kule Uingereza, akamweleza kwamba kuna mafuta mapya ya ajabu na kwamba aliyeyagundua ameumia. Davy aliirudia kazi hiyo, na kabla ya mwaka kwisha vipande vya kioo vilikuwa vimemwingia jichoni. Alipokuwa hawezi kuandika vizuri alihitaji mtu wa kumwandikia, na kijana aliyeitwa kwa siku chache alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, Michael Faraday. Machi 1813 kijana huyo aliajiriwa rasmi katika Taasisi ya Kifalme, London.

Kisa hiki hupendwa sana, na naelewa sababu: mlipuko ulimfungulia mlango mmoja wa wanasayansi wakubwa kuliko wote. Mimi hunivutia zaidi kilichofuata mwezi mmoja baadaye. Aprili 1813 Davy na Faraday walirudi kwenye dutu ileile, safari hii wakiwa wamevaa vinyago vya kioo usoni. Faraday alimwandikia rafiki yake kuhusu milipuko kadhaa iliyompata. Katika mmoja wao alikuwa ameshika kijibomba kidogo cha kioo kati ya kidole gumba na cha shahada, na mlipuko ulimfumbua mkono kwa nguvu na kumng'oa sehemu ya ukucha. Watu hawa walikuwa na barua ya onyo mkononi. Walijua jina, walijua sifa, walikuwa wamekwisha kuumia. Na bado waliumia tena, maana walichokosa ni kujua kizingiti kiko wapi: ni joto gani, mguso gani, uchafu gani unatosha. Kujua kwamba kitu ni hatari ni hatua ndogo sana kuelekea kujikinga nacho.

Karne moja baadaye kampaundi hii iliingia mahali ambapo hakuna mtu angeitazamia, yaani katika unga wa ngano. Kuanzia miaka ya 1920 wasagishaji wa Marekani na Uingereza walipitisha hewa yenye NCl₃ kidogo katika unga ili uwe mweupe haraka na uumuke vizuri badala ya kuwekwa ghalani kwa wiki kadhaa. Njia hiyo iliitwa Agene. Gesi iliyozimuliwa kwa hewa nyingi hailipuki, kwa hiyo upande huo hofu iliondoka. Mwaka 1946 daktari Mwingereza Edward Mellanby alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mbwa waliolishwa unga huo walipata vifafa. Baadaye ilifahamika kwamba NCl₃ ilikuwa inashambulia methionini, moja ya asidi amino zinazojenga protini ya ngano, na kuigeuza kuwa methionini sulfoksimini, ambayo huzuia kimeng'enya kinachotengeneza glutamini. Kwa binadamu madhara ya namna hiyo hayakuthibitishwa, lakini Marekani iliachana na njia hiyo mwaka 1949 na Uingereza ikafuata katika miaka ya 1950.

Nauona mfano huo kuwa muhimu kwa sababu unavunja dhana kwamba kitu kisichotulia kikishazimuliwa kimeshadhibitiwa. Kuzimua huzuia mlipuko. Hakuzuii klorini iliyoshikwa kwa kifungo dhaifu kwenda kumshika mwingine, iwe ni methionini ya unga au utando wa pafu.

Na pafu silitaji kwa bahati. Ile harufu ambayo watu huiita harufu ya klorini katika bwawa la kuogelea la ndani, inayowasha macho na kukereketa kooni, kwa sehemu kubwa si klorini. Maji yaliyotiwa klorini ya kutosha na yasiyo na uchafu wa miili hayanuki hivyo. Waogeleaji wanapoingia huacha jasho na mkojo, ndani yake mna urea na amonia, na klorini hufuata naitrojeni hiyo hatua kwa hatua: kwanza huzaa monokloramini, kisha dikloramini, mwisho trikloramini, ambayo ni jina jingine la NCl₃ yetu. Hii ya mwisho haipendi kukaa majini. Huruka, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutambaa juu ya uso wa maji, palepale muogeleaji anapovuta pumzi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha miligramu 0.5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa ya bwawa. Mwaka 2003 watafiti wa Ubelgiji waliandika kuhusu uhusiano kati ya watoto wanaokwenda mara kwa mara katika mabwawa ya ndani na dalili za pumu. Ubishi juu ya watoto umeendelea tangu hapo, lakini kwa waokoaji na waogeleaji wa mashindano, wanaokaa humo kwa saa nyingi kila wiki, uwasho wa macho na wa njia ya hewa ni jambo lililorekodiwa mara nyingi.

Hapa mwenye bwawa asiyejua kemia hufanya kosa baya kwa nia njema. Anasikia harufu, anadhani klorini imezidi, anaipunguza. Uchafu unabaki, harufu inazidi. Au anadhani klorini haitoshi, anaongeza kidogo kidogo bila kupima, na kila kidogo kinazaa kloramini zaidi. Kinachosaidia ni watu kuoga kabla ya kuingia, hewa safi ya nje kuingizwa ndani ya jengo, sehemu ya maji kubadilishwa, na klorini iliyofungwa na naitrojeni kupimwa mbali na klorini huru. Kuoga kabla ya kuingia ndiyo dawa rahisi kuliko zote, na naamini watu wengi wangeoga kwa hiari kama bango la mlangoni lingewaambia wanakwenda kutengeneza nini.

Lakini mahali ambapo kampaundi hii bado inaua kwa mlipuko ni katika kiwanda cha klorini, na hapo natamani kila mhandisi mpya asimame atazame hesabu ifuatayo. Klorini hutengenezwa kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi. Ikiwa chumvi ina mabaki ya amonia, kwa mfano kutoka baruti ya amoniamu naitreti iliyotumika kupasua mwamba wa chumvi mgodini, au ikiwa maji yenyewe yana amonia, NCl₃ huzaliwa ndani ya mtambo na kusafiri pamoja na klorini. Kwa kuanzia ni kidogo sana. Chukua kilo 1,000 za klorini ya kimiminika zenye sehemu 50 za NCl₃ katika kila milioni. Hizo ni gramu 50 zilizotawanyika katika tani nzima, na hakuna kitakachotokea. Sasa fungua vali uivukize klorini kwa matumizi. Klorini huchemka kwenye nyuzi 34 chini ya sifuri, NCl₃ kwenye nyuzi 71 juu yake, kwa hiyo moja huondoka haraka na nyingine huchelewa nyuma. Tukichukulia kwamba karibu yote inabaki, klorini ikifika kilo 1 ya mwisho, gramu zilezile 50 sasa ni asilimia 5 ya kilichomo. Endelea kuvukiza mpaka chombo kikauke, utabaki na mafuta ya manjano yaliyokaribia kuwa safi, ndani ya chuma, mahali ambapo joto au tone la grisi linatosha.

Hakuna aliyetengeneza kitu. Hakuna aliyekiuka kanuni yoyote inayoonekana kwa macho. Mfanyakazi amefanya jambo ambalo kwa kimiminika kingine chochote lingeitwa uangalifu: amemaliza kilichomo chomboni ili kisibaki.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Aprili 2004, mjini Chongqing nchini China, klorini ilianza kuvuja katika kiwanda kimoja, kisha milipuko ikafuata. Maji ya chumvi ya mfumo wa kupoozea, yakiwa na amonia ndani yake, yalikuwa yamepenya katika upande wa klorini kupitia kifaa kilicholiwa na kutu, na NCl₃ ikajikusanya. Watu 9 walikufa au hawakuonekana tena, na wakazi wapatao 150,000 walihamishwa. Ukiangalia mnyororo huo, hakuna kiungo kinachoitwa naitrojeni trikloridi mpaka dakika za mwisho. Kuna kutu, kuna amonia ya kupoozea, kuna tundu dogo. Mkaguzi aliyepewa orodha ya kemikali hatari zilizopo kiwandani asingeiona kampaundi hii, kwa kuwa siku ya ukaguzi haikuwapo.

Viwanda vilivyojifunza hupima amonia katika chumvi na maji kabla havijaingia, hupima NCl₃ katika klorini, huiharibu kwa joto linalodhibitiwa au kwa mwanga wa urujuanimno ikiwa bado hafifu, na havikaushi chombo cha klorini mpaka tone la mwisho. Amonia haitumiwi kupoozea upande wa pili wa ukuta mwembamba wa klorini. Ni hatua zinazojulikana kwa muda mrefu, na kila moja inalenga mahali pa makutano.

Kuna mlango mwingine ambao umekuja kuonekana wazi miaka ya karibuni, nao ni vidonge vya mabwawa. Vingi vimetengenezwa kwa asidi ya trikloroisosayanuriki, ambayo ina vifungo vitatu vya naitrojeni na klorini ndani ya molekuli moja, lakini naitrojeni hizo zimefungwa katika pete pamoja na kaboni, na hilo huzituliza. Kikiwa kikavu, kidonge hukaa. Kikizama katika maji mengi ya bwawa huyeyuka na kutoa klorini polepole, kazi iliyokusudiwa. Tatizo ni hali ya katikati. Kikiloweshwa na maji machache yasiyotosha kukiyeyusha, mmenyuko huzalisha joto, joto huvunja kidonge, na kinachotoka ni gesi ya klorini, na huweza kuwamo NCl₃. Bodi ya Marekani ya Usalama wa Kemikali iliueleza mwenendo huu baada ya kiwanda karibu na Lake Charles, Louisiana, kuharibiwa na kimbunga Laura tarehe 27 Agosti 2020: upepo ulibomoa majengo, mvua ikazifikia bidhaa, moto na wingu la klorini vikafuata. Septemba 2024 maji yalizifikia tena kemikali za aina hiyo mjini Conyers, Georgia, na maelfu ya watu walilazimika kuhama.

Hili ni jambo gumu kwa akili ya kawaida, maana sote tumezoea kwamba maji hupooza. Mtu anayeona rundo la magunia likifuka moshi atakimbilia ndoo, na ndoo moja ndiyo kipimo kibaya kuliko vyote.

Nisieleweke kwamba napiga vita klorini. Klorini katika maji ya kunywa imeokoa maisha yasiyohesabika dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, na hata ndoa yake na amonia ina matumizi mema. Miji mingi huongeza amonia kwa makusudi baada ya klorini ili ipatikane monokloramini, kiuavijidudu kipole kinachodumu katika mabomba marefu. Kemia ni ileile, ila imesimamishwa kwenye kituo cha kwanza. Kinachoisimamisha ni vipimo viwili: kiasi cha klorini kwa kila sehemu ya naitrojeni, na uasidi wa maji. Maji yenye ualikali kidogo hubakiza monokloramini. Yakielekea kwenye asidi, na klorini ikizidi, mlolongo husonga mbele hadi NCl₃. Kuna pia njia ya kuvuka upande wa pili kwa makusudi: klorini ikifika takriban mara 7.6 ya uzito wa naitrojeni, kwa hesabu ya karatasini, amonia yote inakuwa imegeuzwa kuwa gesi ya naitrojeni isiyo na madhara, na klorini inayoongezwa baada ya hapo hubaki huru. Mwendeshaji wa mtambo wa maji huishi kichwani na mchoro wa jinsi klorini inayobaki majini inavyopanda na kushuka kadiri inavyoongezwa. Anajua mlima uko wapi na bonde liko wapi. Elimu yake haikuwa orodha ya majina. Ilikuwa ramani, na ndiyo maana anaweza kuchezea moto huo kila siku bila kuungua.

Nyumbani na mahali pa kazi ramani inayohitajika ni fupi. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isikutane na dawa ya usafi yenye amonia, wala isimwagwe juu ya mkojo mwingi uliolala. Katika ndoo hutazamii mlipuko. Utapata mvuke wa kloramini, na katika chumba kisicho na dirisha mvuke huo unatosha kumpeleka mtu hospitali. Aliyechanganya kwa bahati mbaya aondoke, afungue milango, asijaribu kuongeza kitu cha tatu ili kurekebisha.

Kwa maoni yangu, vibandiko vya bidhaa hizi vimeandikwa kwa mtazamo wa kile kilichomo chomboni, na hapo ndipo vinapopungukiwa. Alama ya fuvu na neno hatari humwambia msomaji aogope. Hazimwambii ni jirani gani asiyefaa kuwekwa rafu moja na bidhaa hiyo. Ningependa mstari wa kwanza, kwa maandishi makubwa kuliko jina la bidhaa, utaje kisichotakiwa kuikaribia: kwenye chupa ya klorini uandikwe amonia na asidi, kwenye hati ya mtungi wa klorini ya kiwandani uandikwe usivukize mpaka ukauke, na kwenye gunia la vidonge vya bwawa uandikwe kwamba maji machache ni mabaya kuliko kukosa maji kabisa. Mlinzi wa ghala anayeamka usiku na kukuta paa linavuja ana dakika chache tu za kuamua kama ayaondoe magunia makavu au aite kikosi chenye maji ya kuyafurika yale yaliyokwisha kulowa, na kwa sasa mara nyingi hakuna maandishi mbele yake yanayomwambia kwamba uamuzi huo upo.